Mwenge Mmoja kwa Watu Wawili



Siku hizi si ajabu kukuta bwana na bibi wakicheza mchezo mmoja wa kompyuta kwa njia ya intaneti, hasa pale kazi inapowatenganisha. Mmoja yuko Mombasa, mwenzake yuko Kitale, na jioni wanakutana ndani ya msitu ambao haupo. Wengine watacheka. Lakini saa mbili za kuhangaikia jambo moja pamoja si kitu kidogo kwa watu wasioonana mwezi mzima.

Leo tujifunze juu ya mchezo mmoja wa namna hiyo, uitwao Don't Starve Together, na hasa ile hali yake ngumu iitwayo Lights Out. Ninauleta hapa kwa sababu ya wenzi wawili. Walikuwa wamefika siku ya 18. Bwana akatoka kwenda kutafuta mawe, akabeba mienge yote, wala hakusema neno. Bibi akabaki penye moto uliokuwa unafifia, hana kuni, hana nyasi. Moto ukazimika, naye akafa. Badala ya kurudi upesi, bwana akaanza kulaumu: "Kwani hukuona moto unazimika?" Walipokuwa wakibishana, mwenge wake wa mwisho nao ukaisha. Sekunde 120 baadaye dunia yao yote ilifutwa. Kwa siku mbili hawakupigiana simu.

Je, ni giza lililowashinda? Soma kwanza, kisha ujibu mwenyewe.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ulitengenezwa na kampuni ya Klei Entertainment ya mjini Vancouver, Kanada, na ulitolewa rasmi mwaka 2016. Mnaingizwa katika nchi ya pori bila chochote mkononi. Kila mchezaji ana mambo matatu ya kulinda: afya, shibe, na utulivu wa akili. Siku moja ya mchezo ni dakika 8 za saa yetu. Majira ni manne: vuli siku 20, baridi siku 15, masika siku 20, na kiangazi siku 15.

Katika hali ya kawaida kuna mchana, jioni na usiku. Katika Lights Out hakuna mchana. Ni usiku tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Na usiku wa mchezo huu si wa kulala. Ukisimama gizani bila mwanga wowote, kiumbe kisichoonekana, ambacho wachezaji wanakiita Charlie, kitakupiga. Pigo lake moja huondoa 100 za afya. Mhusika kama Wilson ana 150 tu. Hesabu wewe mwenyewe ni mapigo mangapi yatamtosha.

Basi, ndugu msomaji, katika hali hii mwanga hutangulia chakula.

1. Jueni hesabu ya mwanga wenu

Mwenge mmoja hutengenezwa kwa nyasi 2 na vijiti 2, nao huwaka kwa sekunde 75 tu. Siku moja ina sekunde 480. Kwa hiyo anayetegemea mwenge peke yake atahitaji mienge 7 kwa siku, yaani nyasi 14 na vijiti 14. Wawili wakitembea kila mtu kivyake, wanakula nyasi 28 kwa siku. Wakitembea bega kwa bega, mwenge mmoja unawalinda wote wawili, na nyasi ni zilezile 14.

Tazama jambo hili tena. Mwenge hushikwa mkononi, na shoka vilevile hushikwa mkononi. Mtu mmoja hawezi kushika mwenge na kukata mti kwa wakati mmoja. Aliye peke yake hulazimika kuwasha moto kila mahali anapotaka kufanya kazi. Lakini mkiwa wawili, mmoja anaangaza na mwingine anakata. Mmoja anaangaza na mwingine anapasua mawe.

Wengi hugombana hapa. Anayeshika shoka hujiona ndiye mfanyakazi, na anayeshika mwenge huonekana kama amesimama tu. Sivyo hata kidogo. Bila mwenge shoka lisingeinuka. Badilishaneni zamu, na msimhesabie mtu magogo.

2. Jengeni meko kabla ya kutangatanga

Moto wa haraka hujengwa kwa nyasi 3 na magogo 2. Ukizimika, umekwisha, unabaki majivu. Meko ya mawe yanahitaji magogo 2 na mawe 12, lakini hayapotei. Yakizimika, unaongeza kuni na kuyawasha upya palepale. Kwa hiyo mawe 12 ya kwanza yawe ya meko.

Chagueni mahali penye nyasi, miti na mawe karibu. Kisha wekeni sheria moja isiyovunjwa: hatoki mtu kambini kabla ya kuacha kuni za kutosha kando ya meko. Atakayebaki asiombe, azikute pale.

3. Semeni kabla ya kuondoka

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mchezo hauwaonyeshi yaliyomo mfukoni mwa mwenzenu. Asiposema, hujui. Basi kabla ya mtu kutoka kwenye mwanga aseme mambo matatu: anakwenda wapi, amebeba nini, na atarudi lini. "Mama watoto, naenda upande wa mawe. Nina mienge mitatu. Ukibaki mmoja nitakuwa nimegeuka." Maneno haya huchukua sekunde tano.

Naye anayebaki ajibu kwa ukweli. Asiseme "sawa tu" huku hana hata nyasi moja. Kunyamaza ili usionekane mzigo si upole. Mwenzako anapanga safari yake kwa yale uliyomwambia.

4. Chakula na maadui

Chungu cha kupikia hutiwa vitu vinne kwa mara moja. Kipande kimoja cha nyama pamoja na matunda matatu ya porini hutoa mipira ya nyama, chakula kinachoongeza shibe kwa 62.5. Shibe hupungua kwa 75 kila siku, hivyo mlo mmoja kama huo unakaribia kumtosha mtu siku nzima. Nyama ya buibui na ya mbwa wakali hutumika pia, lakini tieni kipande kimoja tu. Mkitia viwili, sufuria itawatolea chakula kinachodhuru.

Wahenga walisema akiba haiozi. Humu inaoza. Msirundike chakula kila mtu mfukoni mwake akimficha mwenzake. Kitawaozea wote wawili.

Buibui hutoka jioni na usiku. Kwa kuwa hapa ni usiku daima, msitegemee kuwa watarudi kulala. Mbwa nao huja kwa makundi, na kabla hawajafika mtasikia wakinguruma. Mkisikia hivyo, kimbilieni kwenye meko. Anayeshika mwenge hawezi kushika mkuki, kwa hiyo mapigano yafanyike penye moto, mikono yote ikiwa huru.

Msisahau akili. Gizani utulivu hupotea kwa kasi, na hata penye mwanga hupungua polepole usiku. Ukishuka sana, vivuli huanza kukushambulia. Kuchuma maua hurudisha utulivu kidogo, na maua 12 hutengeneza shada la kuvaa kichwani. Ukimwona mwenzako amechoka akili, mwachie maua.

5. Baridi haiji kwa ghafula

Mkianza na vuli, baridi huingia siku ya 21 na kukaa mpaka siku ya 35. Wakati huo nyasi zilizokatwa hazioti tena, wala matunda. Na nyasi ndizo mienge yenu! Kwa hiyo kuanzia siku ya 12 hivi, kila safari ilete nyasi za kuweka akiba.

Tengenezeni pia jiwe la joto, moja kwa kila mtu: mawe 10, sururu 1 na gumegume 3. Liwekeni karibu na meko lipate moto, kisha litembee nanyi. Na kuelekea siku ya 30 hutokea jitu lenye jicho moja, Deerclops, linalobomoa majengo. Msilisubiri kambini. Mmoja alivute mbali, mwingine amwangazie njia.

6. Mwenzako akianguka

Hata mkijitahidi, ipo siku mmoja atakufa. Akifa, vitu vyake huanguka chini naye huwa mzuka. Mzuka huo, bila kukusudia, hupunguza utulivu wa akili wa aliye hai. Kwa hiyo huwezi kusema, "Wacha akae hivyo ajifunze." Msiba wake unakula akili yako pia. Na mkifa wote, zile sekunde 120 zinaanza kuhesabiwa.

Njia ya kumrudisha ipo. Unatengeneza moyo kwa nyasi 3, tezi 1 ya buibui, na 40 za afya yako mwenyewe. Unampa mzuka, naye anafufuka, ingawa kiwango chake cha juu cha afya kimepungua kwa robo. Basi wekeni moyo mmoja tayari kambini mapema, wakati afya ingalipo. Atakayesubiri mpaka msiba utokee huenda akawa hana 40 za kutoa.

Rudi sasa kwa wale wenzi wetu. Bwana alikuwa na mienge, na muda ulikuwapo. Angalinyamaza na kugeuka, huenda wangekuwa leo katika siku ya 40. Alitumia mwanga wake wa mwisho kutafuta nani mwenye makosa, ilhali kosa la kwanza lilikuwa la kwake, la kuondoka bila kusema. Naye bibi aliuona moto ukififia akanyamaza, akingoja aulizwe. Giza lilikuwa lilelile walilolishinda siku 17.

Nafurahi kusema kwamba walianza upya. Safari hii bwana ndiye aliyeomba kushika mwenge kwanza.

Ushauri wa mwisho: fufua kwanza, uliza baadaye. Maswali ya nani alikosa yangoje mpaka wote wawili mko hai na mmekaa penye moto. Na mkimaliza kucheza, msizime mitambo mara moja. Ulizaneni habari za siku.

Maswali ya kujadiliana na mwenzako

1. Mara ya mwisho mlipopoteza, nani aliondoka bila kusema? Je, aliyebaki alisema ukweli kuhusu kuni zake?

2. Kati yenu, nani hushika shoka kila siku? Mmewahi kubadilishana?

3. Je, kambini kwenu kuna moyo uliowekwa tayari, au mnangoja mmoja afe?