Bare inanimaliza mkono

SWALI: Najifunza gitaa hapa Katuba, Lubumbashi. Nikipiga Fa kwa bare, wimbo haujaisha kidole gumba kimeshaanza kuwaka moto. Nikaze zaidi?

JIBU: Hapana, punguza. Katika Fa ya bare, kidole cha shahada hulala juu ya nyuzi zote, lakini kina kazi kwenye nyuzi tatu tu: wa sita, wa pili na wa kwanza. Zile za katikati zinashikwa na vidole vingine. Kilaze kidogo kwa ubavu, upande wa gumba, karibu kabisa na chuma cha freti. Kisha ondoa gumba shingoni na ujaribu kupiga: nguvu itoke kwenye uzito wa mkono, huku kigasha cha kulia kikituliza gitaa kifuani.

Anza freti ya tano, ambapo nyuzi ni laini zaidi, ndipo ushuke polepole. Ikiwa huko ni rahisi lakini freti ya kwanza ni mateso, huenda nyuzi zimekaa juu mno kwenye kichwa cha gitaa, mpelekee fundi. Nyuzi nyembamba pia husaidia.

Wala si lazima ubane kila kitu. Mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, alipiga kwa gumba na shahada vya mkono wa kulia, yaani si nyuzi zote kwa mpigo mmoja, na gitaa la Katanga hunufaika sana na nyuzi zilizoachwa wazi. Fa ya nyuzi nne inatosha mara nyingi.

Mkono ukiuma au ukifa ganzi, acha. Ganzi isipoisha, muone daktari.