HABARI INAPOVUKA MPAKA



Ndugu wanafunzi na wazazi, katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kuichunguza habari ya fasiki kabla ya kuifanyia kazi, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Sisi wa Ngara na Biharamulo ushahidi wake tuliuona mlangoni.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikajaa. Wengi walikuwa Wahutu wanaokimbia vita; miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuua. Huko walikotoka, redio ya RTLM, iliyoanza Julai 1993, iliwaita Watutsi mende na kutaja hewani majina ya watu wa kuwindwa.

Je, mataifa ya kidemokrasia yalifanya nini? Mei 1994 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikataa kuvuruga mawimbi ya redio hiyo, ikitoa hoja za gharama na sheria. Hoja ya sheria tunaielewa: mwenye uwezo wa kufunga redio ya uongo ataifunga pia inayomkosoa. Lakini watu walikuwa wakichinjwa!

Sheria ilikuja baadaye. Tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa kuhusu Rwanda iliyokaa Arusha iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Rufaa ya 2007 ilipunguza vifungo vyao, haikuwaachia huru.

Kinga nyingine ilizaliwa hapa hapa Ngara. Mwaka 1995 shirika la Kikatoliki la JRS lilianzisha Radio Kwizera kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji. Si redio ya Waislamu, lakini haki husemwa: uongo wa redio ulijibiwa kwa redio, kwa lugha ambazo wakimbizi walizielewa.

Jambo la lugha ni zito kwetu. Kihangaza na Kirundi ni ndugu, hivyo ujumbe wa sauti kutoka ng'ambo ukiingia katika simu ya babu hauhitaji mkalimani. Kijana aliye karibu amwulize: Babu, aliyesema haya ni nani? Alikuwapo? Amekutumia nani? Majibu yakikosekana, ujumbe ubaki katika simu hiyo hiyo.

Wabillahi tawfiq.