Sentimita Tano za Maji Chini ya Sinki

Chungulia chini ya sinki la jikoni kwako. Bomba la maji machafu haliendi moja kwa moja ukutani: linashuka, linapinda, linapanda kidogo, ndipo linaingia ukutani. Kipande hicho kilichopinda mafundi bomba hukiita trapu. Kila ukimaliza kuosha vyombo, maji kidogo hubaki katika mpindo wake, nayo hubaki kwa makusudi. Ng'ambo ya mpindo kuna bomba lililoungana na vyoo, chemba na shimo la maji taka, na ndani yake kuna hewa yenye harufu, gesi zenye sumu na vijidudu vya maradhi. Kinachozuia hewa hiyo isiingie jikoni ni maji hayo tu.

Alexander Cumming, mtengenezaji wa saa aliyezaliwa Scotland, alipata hataza ya choo chenye mpindo wa namna hii mwaka 1775. Wazo ni rahisi na limedumu. Kazi ngumu ni kuyafanya maji yale yabaki mahali pake, na sehemu kubwa ya kanuni za ujenzi zinazohusu mabomba ya nyumbani ipo kwa ajili ya kazi hiyo. Ukielewa kwa nini maji ya trapu hutoroka, utaona kwamba namba nyingi za kanuni hizo unaweza kuzifikia mwenyewe kwa hesabu ya darasani.

Tuanze na uzito. Kanuni ya Kimataifa ya Mabomba, inayotumika katika majimbo mengi ya Marekani, inataka kina cha maji ndani ya trapu kiwe kati ya milimita 50 na 100 hivi. Yakizidi hapo, mpindo unakuwa mrefu mno, maji yanashindwa kuusafisha, uchafu unatuama. Sasa chukua kina cha milimita 50. Juu ya eneo la sentimita moja ya mraba, maji hayo yana uzito wa gramu 5. Hewa inayotuzunguka, kwenye usawa wa bahari, inakandamiza eneo lile lile kwa uzito wa takriban gramu 1,033. Kwa hiyo mgandamizo wa hewa upande mmoja wa trapu ukipungua kwa nusu ya asilimia moja tu, ulinzi wako umefika ukingoni.

Na mgandamizo hupungua kwa urahisi. Mtu wa ghorofa ya juu akivuta maji ya choo, maji hayo hushuka kwa kasi katika bomba la wima yakiikokota hewa. Nyuma yake hewa inapungua, hivyo trapu zilizo jirani zinanyonywa. Mbele yake hewa inabanwa, na trapu za chini hutoa mapovu. Ile sauti ya "glu glu glu" inayosikika sinkini wakati choo kinatumika ni ya hewa inayopenya ndani ya maji ya trapu. Usiizoee.

Dawa yake ni bomba la hewa: bomba linalotoka kwenye mfumo wa maji machafu na kupanda hadi juu ya paa, wazi. Hewa ikipungua ndani, nyingine inaingia, ikizidi, inatoka. Kanuni niliyoitaja inataka mabomba haya yafanye kazi vizuri kiasi kwamba tofauti ya mgandamizo penye trapu isizidi milimita 25 za maji, yaani nusu ya kina kile cha chini kabisa. Nusu nyingine ni akiba.

Bomba la hewa liwe umbali gani kutoka kwenye trapu? Hapa ndipo kanuni inapopendeza. Bomba la ulalo linalotoka kwenye trapu lazima literemke ili maji yatembee, na mteremko wa kawaida kwa mabomba membamba ni robo inchi kwa kila futi. Lakini likiteremka mno kabla ya kufika kwenye bomba la hewa, tundu la hewa litakuwa chini ya usawa wa maji ya trapu. Hapo maji yanayotoka hujaza bomba lote na kuyavuta yale ya trapu, sawasawa na mtu anavyonyonya petroli kwa mpira kutoka kwenye tangi. Basi mteremko wote usizidi kipenyo cha bomba lenyewe. Kwa bomba la inchi moja na nusu, gawanya moja na nusu kwa robo: unapata futi 6. Fungua Kanuni ya Kimataifa ya Mabomba, utaikuta namba hiyo hiyo.

Trapu ina adui mwingine asiye na sauti: ukavu. Mwezi Machi 2003, katika majengo ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 waliambukizwa SARS na 42 wakafariki. Wachunguzi walieleza kwamba trapu za matundu ya sakafuni katika bafu nyingi zilikuwa zimekauka, kwa sababu wakazi walikuwa wakipiga deki badala ya kumwaga maji sakafuni. Feni za bafuni zilipovuta hewa nje, nyingine iliingia kutoka kwenye mabomba ya maji taka, ikiwa na matone yenye virusi vya mgonjwa aliyekuwa ametumia choo katika jengo hilo.

Kanuni hizi zinahitaji pia jicho la mkaguzi, kwa sababu bomba likishafukiwa ukutani halisemi kitu. Ndiyo maana mfumo hujazwa maji hadi kimo cha mita 3 na kuachwa dakika 15 kabla ya kufunikwa. Maji yakishuka, kuna mvujo.

Kama unajenga, mwombe fundi akuonyeshe bomba la hewa la kila trapu na ajaze maji mbele yako, kabla plasta haijapigwa. Na kama nyumbani kuna tundu la sakafuni lisilopitisha maji kwa wiki kadhaa, mimina jagi moja leo.