MAFUMBO YA PICHA NA KANUNI ZAKE

Tangu muhula uliopita mafumbo ya picha yameingia mabwenini kwa nguvu. Kila usiku baada ya prepo utakuta kikundi kimeinamia karatasi, na kila asubuhi utasikia maneno kwamba fulani ana akili na fulani hana. Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Nataka kuonyesha kwamba mafumbo haya, ingawa kwa macho ni mengi mno, kanuni zinazoyaendesha ni chache, nazo hufundishika.

Fumbo ninalolisema hasa ni lile la vyumba tisa: mistari mitatu, kila mstari vyumba vitatu, na chumba cha mwisho kitupu. Chini huwekwa majibu kadhaa, nawe uchague lifaalo kujaza pengo. Aliyeyaeneza ni Mwingereza John C. Raven, ambaye mwaka 1938 alitoa kipimo chenye mafumbo 60 katika mafungu matano, kila fungu likianza na mepesi na kuishia na magumu. Alikusudia kupata kipimo kisichotegemea sana lugha wala masomo ya darasani. Katika Vita Kuu ya Pili jeshi la Uingereza lilikitumia kupimia askari wake, na hata leo wako waajiri wanaotumia mafumbo ya namna hiyo kuchagua watu. Kwa hiyo jambo lenyewe si mchezo mtupu.

Wengi wetu huyagawa mafumbo kwa sura zake: haya ya nyota, haya ya mishale, haya ya miraba. Mgawanyo huo hauna faida. Ni sawa na mtu anayezipanga hesabu za kitabu kwa kutazama kama zinataja maembe au machungwa, asitazame kama ni za kujumlisha au za kugawanya. Fumbo la nukta zinazoongezeka na fumbo la mishale inayoongezeka ni ndugu wa tumbo moja. Lakini mafumbo mawili ya mishale yanaweza kuwa hayajuani kabisa.

Mwaka 1990 wataalamu watatu wa Marekani, Patricia Carpenter, Marcel Just na Peter Shell, walichambua yale mafumbo ya Raven yaliyo magumu zaidi. Waliona kwamba aina tano tu za kanuni zaeleza sehemu kubwa ya mafumbo hayo. Nitazieleza kwa maneno yangu.

Ya kwanza haina haja ya maelezo marefu: kitu hakibadiliki katika mstari. Kama mstari wa juu wote ni miraba na wa pili wote ni duara, basi umbo la mstari wa tatu unalijua tayari. Ya pili ni kuendelea kwa hatua. Nukta moja, mbili, tatu; au mshale unaogeuka robo duara kila chumba kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa. Hapa lazima uangalie hatua yenyewe ni kiasi gani, maana inaweza pia kuwa ya kurudi nyuma.

Ya tatu ni kujumlisha au kutoa. Chukua picha ya chumba cha kwanza, uiweke juu ya picha ya chumba cha pili, na zote pamoja ni picha ya chumba cha tatu. Msalaba juu ya duara hutoa duara lenye msalaba ndani yake. Au pengine cha pili huondolewa katika cha kwanza, na mabaki huwa cha tatu.

Ya nne yapendeza kuliko zote, kwa maoni yangu. Vitu vitatu hugawanywa ili kila mstari upate vyote vitatu, ila kwa mpango tofauti. Tuseme M ni mraba, D ni duara, P ni pembetatu:

M  D  P
D  P  M
P  M  ?

Anayetafuta hatua hapa atahangaika usiku kucha, kwa sababu hakuna kinachoongezeka wala kupungua. Lazima auulize mstari wa tatu swali jingine: nani hajafika? Hajafika D.

Ya tano hufanana na ya tatu, na wengi huzichanganya. Kila alama huonekana katika vyumba viwili vya mstari, na chumba kimoja huikosa. Ukilinganisha chumba cha kwanza na cha pili, alama iliyomo katika vyote viwili hufutika, na iliyo katika kimoja tu huhamia cha tatu. Dalili yake ni hii: ukijaribu kujumlisha na kuona kwamba kitu fulani kimepotea katika jibu, usiseme mchoraji amekosea.

Basi kama kanuni ni tano tu, ugumu unatoka wapi? Unatoka katika wingi wake kwa wakati mmoja. Katika fumbo moja umbo laweza kufuata kanuni ya nne, nukta zikafuata ya pili, na mistari ya ndani ikafuata ya tano. Kushika zote kichwani ndiyo kazi, na kazi ya kwanza kabisa ni kujua alama ipi ya chumba hiki ifuatane na ipi ya chumba cha pili. Dawa yangu ni kufunika. Shughulika na jambo moja tu, liandike pembeni, ndipo utazame lingine.

Iko jamaa nyingine ya mafumbo ambayo haina chumba kitupu. Mrusi Mikhail Bongard alitoa mafumbo 100 ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1967. Picha sita ziko kushoto na sita kulia, nawe useme za kushoto zina jambo gani ambalo za kulia hazina. Mojawapo lina maumbo makubwa upande mmoja na madogo upande wa pili. Jingine lina pembetatu kwa maumbo ya pande nne. Hapa kanuni haiko katika mwendo kutoka chumba hadi chumba, bali katika sifa, na ile orodha ya tano haikusaidii kitu.

Sasa nirudi kwenye yale maneno ya mabwenini. Nilikaa jioni tatu na wadogo zetu wawili wa kidato cha kwanza waliokuwa wakichekwa. Katika shule zao za msingi hawakuwahi kuona karatasi ya namna hii. Sikuwapa jibu hata moja. Niliwafundisha aina tu. Jioni ya nne walifumbua mafumbo yaliyowashinda wale waliokuwa wakiwacheka. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliposikia alinipinga: "Ndugu yangu, ukimfundisha mtu kanuni, hukupima tena akili yake. Umepima ulichomfundisha." Tena akanitajia Mfaransa François Chollet, ambaye mwaka 1919 hakuwapo duniani, akacheka, lakini mwaka 2019 alitunga mafumbo ya kupimia kompyuta yaliyokusudiwa kila moja liwe na kanuni yake, ili orodha ya kukariri isifae.

Neno lake la kwanza nalikubali kabisa, na ndilo ninalolitumia. Mtoto aliyekulia katika nyumba yenye vitabu vya chemsha bongo amekwisha kufundishwa kabla hajafika hapa, ila hakuna aliyeliita fundisho. Huko Embu, Kenya, watafiti waliwapima watoto kwa mafumbo ya Raven mwaka 1984, kisha wakawapima watoto wengine wa huko huko mwaka 1998. Wale wa baadaye walipata alama za juu zaidi sana. Miaka 14 haitoshi kubadili damu ya watu. Watafiti wenyewe walitaja elimu ya wazazi, ukubwa wa familia na chakula.

Kwa hiyo naomba mashindano ya mabweni ya muhula ujao yatanguliwe na somo moja la aina za kanuni kwa kidato cha kwanza chote, ndipo karatasi igawanywe. Niko tayari kulifundisha mwenyewe Jumamosi yoyote mchana.

Kwa walio na haraka, hili hapa ni langu. Herufi ni umbo, tarakimu ni idadi ya nukta, na kinyota ni alama ndani ya umbo. Kanuni ni tatu kwa pamoja, na jibu litabandikwa kwenye ubao wa matangazo baada ya wiki mbili.

D5*   M4   P3*
P4*   D3*   M2
M3   P2*   ?