SOMO LA MOTOKAA: NAFASI YA VALI

Ndugu Mkulima, ikiwa una Land Rover ya zamani ya petroli, yenye injini ya lita 2.25 iliyoanza kutiwa mwaka 1958, somo hili ni lako. Lisome polepole, kisha ukalitende.

Kati ya shina la vali na mkono unaoisukuma huachwa nafasi ndogo, maana chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi ikizidi, injini hugonga ta-ta-ta na nguvu hupungua. Nafasi ikikosekana, vali haifungi sawasawa. Moto hupenya na kuila. Tena angalia: vali iliyobanwa hailii. Huungua kimya.

Mimi nilikosa. Nilizibana vali mpaka injini ikanyamaza, nikajisifu. Baadaye nilitoka Meru na magunia ya viazi, na nilipokuwa nikipanda ng'ambo ya mto Thuchi, silinda moja ikafa. Injini ilipofunguliwa, vali ya moshi ilikuwa imeliwa ukingoni. Fedha za viazi zikaishia kwa fundi. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa vali ukiuziba, ndipo utakapojenga.

Vyombo vyako ni hivi: fila ya inchi 0.010, yaani milimita 0.25, spana, bisibisi, na hendeli ya kuzungushia injini.

1. Simamisha gari mahali tambarare. Funga breki, toa gia, weka mawe kwenye magurudumu. Injini ipoe usije ukaungua.

2. Ondoa waya wa betri. Tia alama nyaya za plagi, kisha fungua plagi ili injini izunguke kwa wepesi.

3. Pangusa vumbi, ndipo ufungue mfuniko wa juu ya injini. Mchanga usiingie ndani.

4. Hesabu vali kutoka upande wa rejeta: 1 mpaka 8.

5. Zungusha hendeli mpaka vali ya 8 ishuke kabisa, yaani iwe wazi. Sasa pima ya 1. Vali ya 6 ikiwa wazi, pima ya 3. 4 wazi, pima 5. 7 wazi, pima 2. 1 wazi, pima 8. 3 wazi, pima 6. 5 wazi, pima 4. 2 wazi, pima 7. Kila mara namba mbili zikijumlishwa ni 9.

6. Pitisha fila. Yapasa iteleze huku ikishikwa kidogo. Isipokuwa hivyo, legeza nati, geuza skrubu kwa bisibisi, ishikilie hapo, kaza nati. Kisha pima tena, kwa kuwa kukaza nati huweza kuhamisha kipimo.

7. Rudisha mfuniko na gasketi yake, plagi, nyaya na betri. Washa injini, tazama kama oili inavuja.

Usitie kipimo hiki katika gari jingine. Peugeot 404 ya petroli, kwa mfano, hutaka milimita 0.10 kwa vali za kuingiza na 0.25 kwa za moshi, injini ikiwa baridi. Fuata kitabu cha gari lako.

Wala usipime kwa sikio. Sauti ndogo ya kugonga si ugonjwa. Fila ndiyo shahidi.

Swali: vali ya 5 ikiwa wazi kabisa, utapima ipi? Ukijibu 4, chukua spana uanze kazi.