Somo: Kopa Mbegu, Lipa Mbegu

Katika somo hili tunajifunza habari za msaada unaotoka bustani moja na kufika bustani nyingine: watu wa ng'ambo wanaolima bustani zao za pamoja, nao huchanga fedha kwa ajili ya jamaa za wakulima wa Afrika. Tumelileta kwa sababu. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 yalipozoa mashamba ya Rufiji na Kibiti, hapa Ndundu neno "wafadhili" halikauki midomoni. Sasa marafiki wa ng'ambo wamekiuliza kikundi chetu cha bustani tunahitaji nini. Kabla hatujajibu, yafaa tutazame wengine walitendaje.

Tuanze na ng'ombe, maana jambo hili lilianza na ng'ombe kabla ya kufika kwenye mchicha. Mmarekani mmoja, Dan West, mkulima na mtu wa Kanisa la Brethren, alikwenda Hispania wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe (1936 hadi 1939) kugawa maziwa kwa wenye njaa. Maziwa hayakutosha, na kesho yake njaa ilikuwa pale pale. Akaona heri jamaa ipewe ng'ombe kuliko kikombe. Mwaka 1944 mitamba 17 ya kwanza ilipelekwa Puerto Rico kwa sharti moja, kwamba aliyepewa atampa jirani yake ndama jike wa kwanza. Shirika lililotokana na kazi hiyo, Heifer, lilifika Tanzania miaka ya 1970, na huku kwetu mpango wa namna hiyo ukapata jina zuri kuliko la Kiingereza: kopa ng'ombe, lipa ng'ombe.

Mwaka 1988 wakulima Wakristo wa Uingereza walifanya jambo la jinsi hiyo. Tangu 1984 nchi za Ulaya zilikuwa zimemwekea kila mfugaji kikomo cha maziwa ya kuuza, na ng'ombe wazuri walikuwa wakichinjwa kwa kuwa tu maziwa yamezidi. Uganda nayo ilikuwa imetoka vitani bila mifugo. Basi ng'ombe wakapandishwa ndege. Mwaka 1996 safari hizo zilikoma kwa sababu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, na shirika lao, Send a Cow, likaanza kununua mifugo humu humu Afrika na kutia nguvu zaidi katika mafundisho ya mbolea na bustani. Mwaka 2022 lilibadili jina na kujiita Ripple Effect. Hatushangai, maana ng'ombe mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa sehemu ndogo tu ya kazi.

Bustani waliyoipenda sana ni ile ya Lesotho. Ni ya duara, upana wake kama mita mbili, imeinuliwa kufikia kiunoni, na ina kijia chembamba kinachoingia hadi katikati. Ukiitazama kutoka juu inafanana na tundu la ufunguo. Katikati husimama kapu la fito. Humo hutiwa maganda ya jikoni, majivu, samadi na maji yaliyooshea vyombo, na unyevu na rutuba husambaa kutoka humo kwenda kwenye mboga. Shule na watu wa bustani huko Uingereza walijenga bustani za namna hiyo viwanjani mwao, wapate kujua mama wa Lesotho analimaje, na papo hapo wakachangisha fedha. Hivyo fedha zilikuja kusini, maarifa yakaenda kaskazini, na hakuna aliyekuwa ombaomba mtupu.

Msidhani kwamba watu hao wote ni matajiri. Viwanja vyao vya bustani hukodishwa na halmashauri, ambazo zimewekewa wajibu huo kwa sheria ya mwaka 1908. Kiwanja cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Pigeni hesabu: eka moja ingetoa viwanja kumi na sita. Na walimaji wengine ni wastaafu kama sisi. Shilingi ikitoka mahali hapo, imetoka kwa jasho.

Hapa hatuna budi kukiri jambo. Zamani, katika shule moja tuliyofundisha, marafiki wa ng'ambo walituletea mashine ya kuvuta maji kwa ajili ya bustani ya wanafunzi. Ilifanya kazi misimu miwili. Kisha kikafa kipuri kidogo, kama kidole gumba, na hakikupatikana dukani popote. Kuku wakatagia ndani yake. Kila mwaka marafiki wale waliandika kuuliza bustani inaendeleaje, na kila mwaka tuliandika kwamba inaendelea vizuri, asanteni. Tuliona haya. Tulidhani tunalinda heshima ya shule, kumbe tuliwanyima watu wale nafasi ya kutuma kipuri. Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya Yerusalemu alitaka waaminifu wengine waandamane na fedha ile, asije akalaumiwa (2 Wakorintho 8). Sisi tulikuwa tumefundisha sura hiyo darasani.

Basi turudi kwenye swali. Wako wanaosema tuombe ng'ombe. Kwa maoni yetu, hapana. Wazee wetu wa Rufiji hawakufuga ng'ombe kwa sababu ya mbung'o, na tangu wafugaji walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu mwaka 2006 na 2007, wengine wakafika huku, tumeona ugomvi wa kutosha kati ya mkulima na mfugaji. Wengine wanataka mashine ya maji. Habari yake mmeisikia. Bustani ya Lesotho tunaweza kuijenga bila kumwandikia mtu barua. Mawe hatuna, lakini vigogo vya minazi iliyozeeka viko. Tahadhari moja tu: maji yenye sabuni nyingi yasimwagwe kapuni.

Tulichopoteza hasa ni mbegu. Zamani mto ukipanda na kushuka, watu walifuata nyuma yake na kupanda mahindi na kunde katika tope la mlau, na mbegu ilitoka dari ya jikoni. Safari hii maji yaliingia hata jikoni. Na tangu Desemba 2022, maji yalipoanza kuzuiwa katika Bwawa la Julius Nyerere, mto una mwendo mwingine, na sehemu ya tope lililokuwa mbolea yetu hutua huko juu bwawani. Kwa hiyo mbegu ya bustani na ya shamba la juu ina thamani kuliko zamani.

Pendekezo letu ni kuomba fedha za kununulia mbegu humu nchini. Mbegu zisitumwe kwa posta kutoka ng'ambo, kwa kuwa mimea na mbegu haziingii nchini bila cheti cha afya ya mimea. Tena ziwe mbegu za kawaida, si chotara, kwa kuwa mbegu ya mahindi chotara ukiipanda tena haizai kama mama yake, na deni haliwezi kulipwa kwa mbegu ya namna hiyo. Anayekopa kopo moja la kunde atalipa makopo mawili baada ya mavuno: moja litarudi ghalani, la pili atampa jirani aliyeandikwa jina kabla ya kupanda. Jirani huyo naye atakuwa na deni lile lile.

Liko swali moja ambalo kikundi hakijalimaliza. Mtu akikopa, mafuriko yakachukua shamba, je, adaiwe? Wanaume wengi walisema sharti ni sharti. Bibi mmoja, aliyepoteza mpunga wote mwaka 2024, aliuliza kama mto nao utaandikwa katika daftari la wadaiwa. Watu walicheka, lakini hakuna aliyemjibu. Sisi twaona akopeshwe tena, na deni la kwanza lingoje msimu mmoja.

Jadilianeni jambo hilo majumbani mwenu. Barua haitaandikwa kabla ya mkutano wa Jumamosi, saa tisa alasiri, chini ya mwembe, nayo itasomwa kwa sauti kabla ya kutiwa sahihi. Mwenye mbegu yoyote iliyosalimika, hata konzi moja, aje nayo.