Dondoo muhimu: Gari la mbio, ulirekebishe au ununue jingine?

Kwa mkazi wa Murongo, Tanzania, anayependa mbio, rali iko ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Mbarara, Uganda. Kabla ya kumwaga fedha gereji, pitia haya:

• Kagua bodi kwanza. Chesisi iliyoliwa na kutu au iliyopinda kwa ajali haifai kutengenezewa mbio. Tafuta gari jingine.

• Breki kabla ya turbo. Anza na pedi, tairi na shokapu. Badilisha mafuta ya breki: hunyonya unyevu, na yakizeeka huchemka mapema, kanyagio likazama.

• Piga hesabu yote. Jumlisha vipuri na ufundi. Jumla ikikaribia bei ya gari lililokwisha kuandaliwa, nunua hilo. Ukiuza, fedha za marekebisho hazirudi zote.

• Tazama vipuri. Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zimekimbia rali za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, mafundi wanazifahamu.

• Gari la familia liache. Mabomba ya chuma yanayofungwa ndani ya gari la mbio kumlinda dereva mwenye kofia na mikanda ya mbio yanaweza kumuumiza kichwa abiria wa kawaida.

• Uliza bima. Kadi ya Njano ya COMESA ni ya safari za barabarani nje ya nchi. Bima ya kawaida haigharimii mashindano.

Gari likiwa zima na nyumbani hawalitegemei, lirekebishe. La sivyo, nunua jingine.